Peris na Wachawi wa New Hope

Peris Kerubo alikuwa mwaka wa pili Minneapolis, akisomea uuguzi, alipoalikwa kuwa mchawi. Mwaliko ulitoka kwa Alice, mama mmoja wa New Hope, kitongoji cha jiji hilo, aliyezoea kuja kumwona mamake katika nyumba ya wazee alikofanya kazi Peris. Alice alisema ni darasa la mitishamba. Peris, aliyechoka kukaa peke yake katika baridi ile, akaona heri mitishamba kuliko televisheni.

Alikuta watu saba, wote wazungu, wote wamejipa majina mapya. Alice alikuwa Bibi Kunguru wa Mwezi. Walter, karani wa bima mwenye sauti ya kuomba radhi, alikuwa Mbwamwitu wa Kaskazini, ingawa paka wa Alice alimpigisha chafya hadi machozi. Mitishamba ilizungumzwa siku moja tu. Siku zilizobaki walifundishwa kuchora duara hewani kwa kisu butu, kuziita pande nne za dunia, na kutomcheka anayeziita. Hili la mwisho lilimshinda Peris, akawa anajifanya anakohoa.

Lakini alirudi kila wiki. Supu ya Alice ilikuwa tamu, na hakuna mwingine katika jimbo zima aliyemuuliza kama amelala vizuri. Tena mambo yenyewe yalimshangaza. Kwao Kisii mtu akiitwa mchawi hutafuta pa kukimbilia. Hapa watu walisoma mwaka mmoja na siku moja, na daftari mkononi, ili wapewe cheo hicho.

Siku yake ya kuingizwa ilikuwa Jumamosi moja ya Februari 1996, saa tisa alasiri, maana jioni mume wa Alice alikitaka chumba cha chini atazame hoki. Walimvika kanzu nyeupe, wakamfunga kitambaa machoni na mikono nyuma kwa kamba nyekundu. Nyuma ya ukuta mashine ya kufulia ilikuwa ikinguruma. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Nani huyu ajaye?" Alice aliuliza kwa sauti nzito isiyo yake.

"Peris."

"Jina la kichawi, mpenzi," Alice akamnong'oneza.

Peris hakuwa ameandaa lolote. Lililomjia ni la shangazi yake. "Kemunto."

"Na nani katika ukoo wako aliipita njia hii kabla yako?"

Kamba ilikuwa imembana. Kicheko alichokuwa akikiminya tangu asubuhi kikaisha.

"Shangazi Kemunto walimfunga hivi hivi," akasema. "Majirani. Miaka mitatu iliyopita. Walimuuliza kama ni mchawi, akasema siyo. Wakaichoma nyumba yake."

Kisha Alice akashusha pumzi kama mtu aliyefungua zawadi.

"Kumbe una damu yenyewe! Jamani, tumepata mchawi wa kurithi!"

Wakapiga makofi.

"Hakuwa mchawi," Peris akasema. "Alikuwa mjane mwenye shamba zuri la chai, na shemeji zake walilitaka."

"Najua uchungu wako," Alice akamjibu kwa upole. "Kule Ulaya ya zamani, sisi wachawi tuliochomwa tulikuwa mamilioni."

"Wewe ulichomwa lini, Alice?"

Hakuna aliyemfungua, maana katika kitabu cha Alice ukurasa wa kufungua ulikuwa haujafikiwa. Ni Walter aliyejaribu kuikata kamba kwa kisu kitakatifu; kisu kikagoma, akalilegeza fundo kwa meno. Peris alikivua kitambaa machoni, akavaa koti juu ya kanzu, akapanda ngazi.

Walter alimfuata hadi kwenye gari, soksi zake zikilowa theluji. "Shangazi yako yu hai?"

"Yuko Nakuru, kwa bintiye. Shamba waligawana wao."

"Sijui niseme nini."

"Basi usiseme."

Wiki iliyofuata posta ilileta cheti chenye nyota ya dhahabu: Kemunto, Mchawi wa Kurithi, Daraja la Kwanza. Peris alikisoma akiwa amesimama jikoni. Alicheka hadi akaketi sakafuni. Kisha akakichana vipande vidogo mno, kwanza jina, halafu lile neno mchawi.