Magurudumu ya Behewa la Nne

Rashad alikuwa seremala wa Chaani, mtu wa milango na makabati, lakini miezi minane hii kila alipomaliza kazi za watu alikuwa akichonga treni. Treni ya mizigo ya kuchezea, mabehewa saba, kila moja shibiri na kitu, yakivutwa na injini aliyoitia mota ya redio mbovu. Marehemu babake alifanya kazi relini, na Rashad alikua akihesabu mabehewa yakipanda kwenda bara. Jumamosi ile mafundi wa Changamwe walikuwa na maonyesho yao ukumbini, naye alitaka treni yake izunguke mezani watu waione.

Jumatatu asubuhi akaingia Nyamvula kuchukua mlango wa kabati lake. Mama huyu alikuwa mkaguzi wa mabehewa, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuinama chini ya treni na kutazama magurudumu kabla haijaruhusiwa kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wangu u tayari?"

Hakungoja jibu. Macho yake yalikwisha fika mezani. Aliinama hata pua ikakaribia reli, akatembea taratibu toka injini mpaka mkiani. Rashad akakaa tayari kusifiwa.

"Umechonga kwelikweli," alisema. "Lakini hili la nne mbona linachuchumia?"

Behewa la nne lilikuwa lile bapa, la kubebea makontena. Rashad akatazama, akaona aibu, kwa sababu alijua. Ndoano yake ya kuungia ilikuwa juu kuliko ya behewa la jirani, hazishikani, naye amekuwa akizifunga kwa uzi.

"Magurudumu nilinunua pakiti moja, mama, yote sawa. Gurudumu si gurudumu tu? Alimradi lazunguka."

"Hata. Kontena ni refu, na njiani kuna madaraja ya kupita chini yake. Kwa hiyo sakafu ya behewa la kweli kama hili iko chini, na gurudumu lake ni dogo kuliko la wenzake. Wewe umemvisha mtoto viatu vya babake."

Akachukua mlango wake, akaenda zake.

Maneno yale yalimchoma Rashad. Miezi minane, rangi imeshakauka, halafu mtu aje achague kasoro moja! Alichukua tupa akapunguza vile vijiti vinavyobeba sakafu, behewa likashuka, ndoano zikashikana. Akawasha mota huku akicheka peke yake. Treni ilikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Hapo magurudumu makubwa yakagusa sakafu kwa chini, yakakwama, na behewa la nne likaruka relini likavuta matatu ya nyuma yake. Ngazi ndogo ya behewa la tangi ilikatika vipande viwili. Rashad akaketi juu ya benchi lake.

Kesho yake alimpigia Nyamvula simu. Alikuja alasiri baada ya zamu, bado amevaa kizibao chake cha kung'aa. Rashad alijua atakaloambiwa: nilikwambia. Hakuambiwa. Nyamvula aliitazama ngazi iliyovunjika kwa huruma, akasema, "Rudisha vijiti vyako kwanza, urefu uleule wa mwanzo. Halafu nipe boksi na mkasi."

Wakati Rashad akibandika vijiti vipya, yeye alichora visahani vya kushika nafasi ya magurudumu kwenye boksi la karatasi, akavikata, akavichomeka kwenye ekseli kimoja kimoja. Cha kwanza kikubwa. Cha pili, ndoano zilikaribiana. Cha tatu, zikashikana zenyewe bila uzi, na juu ya kila gurudumu kukabaki nafasi ya kutosha. Akakipima kwa rula.

"Milimita kumi na nne na nusu. Kila kitu umekipunguza mara hamsini, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

Nyamvula akatoa kijikaratasi mfukoni. "La kweli ni sentimita sabini na mbili na nusu. Gawanya."

Rashad akagawanya kwa simu. Kumi na nne na nusu, kamili.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimepima leo, zamu ilipokwisha. Nilipima mabehewa matatu. Gurudumu huliwa na reli, kisha hukerezwa liwe laini tena, kila mara likipungua. Mawili yalikuwa yamezeeka. Nikachukua la tatu, jipya. Rangi yako ni mpya, basi na gurudumu liwe la behewa jipya."

Rashad akakitazama tena kile kijikaratasi. Mwanamke huyu alikuwa amesimama kutwa juani, kisha akalala chini ya behewa na futi mkononi, kwa ajili ya kitu cha kuchezea ambacho si chake.

Kazungu, mkereza vyuma wa jirani, alikereza magurudumu manane ya shaba. Ijumaa treni ilipita kona mara thelathini, na behewa la nne likafuata wenzake kwa utulivu, sakafu chini, kama linavyopaswa.

Jumamosi wastaafu wa reli waliizunguka meza. Mmoja wao alipiga magoti, akavaa miwani, akauliza kwa sauti, "Nani huyu aliyejua kuwa hili la makontena lina miguu mifupi?"

Rashad akamwonyesha Nyamvula, aliyekuwa nyuma ya watu na chupa ya soda. "Mabehewa nimechonga mimi. Magurudumu, muulizeni mwenyewe huyo."

Wazee wakamgeukia, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, naye akawa anatazama viatu vyake. Watu walipopungua, Rashad alimsogelea.

"Haya mabehewa mengine sita, mama, yako sawa?"

"Matano yako sawa."

"Na la sita?"

Nyamvula akanywa soda yake taratibu. "La mwisho kule. Nilikuacha upumue kwanza, mwanangu. Jumatatu nitakuja na futi."