Wakili Aliyeuliza Ukuta

Haya ninayoandika ni ya kweli kuanzia herufi ya kwanza. Asiyeamini aende Thika aulize kortini, na akikosa wa kumjibu ajue waliojua walihamishwa. Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha nguo, niliyejifunza kuandika mwenyewe, na sina cha kupata kwa kudanganya.

Jirani yangu Idarous alikuwa na kibanda cha kanda za muziki Ruiru, karibu na reli. Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya El Niño. Alikuwa na mashine ya kunakili, na haikuwa mashine ya kawaida. Wimbo ulimaliza kunakiliwa kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Kanda zilitoka na joto la chapati, na kule Murera walikuwapo ng'ombe waliokataa kukamuliwa mpaka wapigiwe upande wa pili.

Nyimbo zilizonunuliwa zaidi zilikuwa za Wakonyo, mama wa Thika aliyerekodi waimbaji na kumiliki haki za nyimbo zao. Idarous alimwendea kuomba ruhusa ya kunakili. Wakonyo alikuwa akipakia mizigo kwa gari, akamjibu neno moja: "Tutaongea."

Huku kwetu neno hilo lina milango miwili. Anayeomba husikia: endelea tu, bei tutaelewana. Anayeombwa humaanisha: usiguse kitu mpaka tuketi. Idarous alienda akawasha mashine.

Kisha polisi wakafanya msako wa kanda bandia. Walibeba mashine, wakambeba na mwenyewe. Serikali ikamshtaki kwa kunakili na kuuza bila ruhusa ya mwenye hakimiliki. Akipatikana na hatia, mashine ingechukuliwa na yeye angefungwa, na mkewe Zubeida alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kununua kibanda. Utetezi wake wote ulikuwa swali moja. Wakonyo aulizwe mbele ya hakimu: ulimwambia tutaongea, au hukumwambia?

Alitafuta wakili, akampata Mutiso, kijana mwenye ofisi Thika juu ya duka la dawa. Mutiso alimsikiliza, akakohoa, akasema kesi ni nyepesi. Kulikuwa na jambo lingine alilopaswa kusema, na hilo hakulisema.

Siku ya kesi Wakonyo aliletewa viti viwili kwa ukubwa wake, na alipoapa madirisha yalitikisika mpaka Kiganjo. Kiongozi wa mashtaka, inspekta wa polisi, akamuuliza kama nyimbo ni zake. Ni zake. Alimwandikia mshtakiwa ruhusa? Hakumwandikia. Inspekta akaketi. Mutiso akasimama, akageukia ukuta.

"Mama," akauambia ukuta, "hujambo?"

"Sijambo," Wakonyo akalijibu dari.

"Watu wa nyumbani?"

"Wazima."

"Sina swali lingine, mheshimiwa."

Idarous akainama kutoka kizimbani. "Wallahi, bwana Mutiso, lile swali letu."

Mutiso akapangusa miwani yake. Hakimu, mama mmoja aitwaye Ajwang, akaweka kalamu chini.

"Bwana Mutiso, shahidi yuko upande huu."

"Namsikia vizuri, mheshimiwa."

"Sijauliza masikio. Kuna undugu kati yenu?"

"Hakuna undugu, mheshimiwa."

"Kuna nini?"

Mutiso akashusha sauti. "Kuna mbuzi."

"Wamefika au wako njiani?"

"Wengine wamefika."

Mutiso alikuwa anamwoa binti ya Wakonyo, na mahari ilikuwa imeanza kupelekwa. Kwa Wakamba na kwa Wakikuyu pia, mama mkwe hatazamwi usoni hivi hivi, sembuse kubanwa mbele ya watu aseme kama alisema. Ajwang ni Mluo, na kwao heshima hiyo ni kali vilevile, kwa hivyo hakuhitaji kuelezwa.

"Ulimwambia mteja wako?"

"Nilidhani nitauliza kwa upole tu."

"Umeuliza kwa upole habari za nyumbani. Ukimbana huyu mama utakosa mke. Usipombana, huyu bwana atafungwa. Huwezi kusimama pande zote mbili. Keti, kesi hii umeiacha."

Akamweleza Idarous kwamba anaweza kupewa muda atafute wakili mwingine, au akitaka amuulize shahidi mwenyewe.

Hapo ndipo niliposimama mimi kutoka benchi la nyuma. "Mheshimiwa," nikasema, "kama sheria imeishiwa na watu, mimi nipo." Ajwang alinitazama, akavua koti lake jeusi akanivisha. Nilimuuliza Wakonyo lile swali kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, na kwa Kilatini kidogo. Mama alilia mpaka karani akainua mafaili yasilowe.

Nilikuwa nimefika hapo nikiisimulia hadithi hii katika hoteli ya Benta, Mugutha, watu wameacha chai ipoe, nikasikia sauti kutoka meza ya nyuma.

"Nililia kwa jicho lipi?"

Alikuwa bibi mwembamba, kitambaa kichwani, anachovya mandazi.

"Na wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni yule wa viti viwili."

Barasa, fundi wa viatu, aliweka kikombe chini polepole. "Mzee, mtu umemliza hivyo, halafu humjui?"

"Huyu sikumwona kortini," Wakonyo akasema. "Aliyeniuliza ni Idarous mwenyewe. Alikataa kungoja wakili mwingine, akasema huenda huyo naye ana mbuzi mahali. Akauliza mara moja tu. Nikasema ndiyo, nilimwambia tutaongea. Nilikuwa nimeapa, ningesema nini?"

"Na hakimu?"

"Alimuuliza yule inspekta kama tutaongea ni kukataa. Inspekta akasema inategemea. Hakimu akasema mtu hafungwi kwa inategemea. Idarous akarudishiwa mashine. Wiki hiyo hiyo tuliketi, siku hizi ananakili kwa makubaliano."

Nilieleza kwamba Idarous alinisimulia yote pale kibandani, na kwamba lile koti niliongeza kwa sababu hadithi ilikuwa inasikia baridi. Hakuna aliyenitetea.

"Benta," Barasa akasema, "huyu wakili analipia meza zote."

"Chai tupu?" Benta akauliza.

"Na mandazi," akasema Wakonyo. Kisha akaagiza chapati za kufungwa kwa gazeti, apelekewe Mutiso, ambaye tangu aoe bado hawezi kula akiwa mbele yake.

Hizo pia nililipa.