Nani Kaifunga Serikali

Ijumaa ile Zakiya hakukaa kitako. Aliinuka kuleta ndimu, akainuka kuleta pilipili ya kupika, akainuka tena kwenda kutazama dirisha kama limefungwa, na lilikuwa limefungwa. Aliwajua ndugu zake. Kaka yake Aflah alikuwa amekaa upande huu wa sinia, mdogo wao Sleyum upande ule, na juu ya kabati televisheni ilikuwa inawaka, watu wawili wa Marekani wakirushiana maneno.

Kila Ijumaa baada ya sala ndugu hao walikuja kula kwa mama yao, Bi Ghaniya, katika nyumba ya Sib, mji wa pwani ya Uarabuni, alimokuwa akiishi na Zakiya tangu Zakiya afiwe na mumewe. Aflah alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, amestaafu, nyumba yake ipo Al Khoudh. Ujanani alisoma Ohio miaka saba, akarudi na shahada na mapenzi makubwa ya chama cha Wademokrat. Sleyum alikuwa mfanyabiashara wa matunda. Yeye alikaa Texas miaka miwili tu, lakini ilimtosha kurudi Mrepublikan wa kufa na kuzikana. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kura kule. Hilo halikuwazuia. Miaka thelathini walikuwa wakigombana kwa ajili ya watu wasiojua kama Sib iko duniani, na wakimaliza wananawa, wanakunywa kahawa, wanaagana.

Lakini mwaka huu palikuwa na jambo jengine. Rawan, binti yake Aflah, aliyekuwa anasoma Ohio kama baba yake, alikuwa ameposwa na Aws, mtoto wa Sleyum. Walipendana wenyewe, wazee wakafurahi. Akdi ya ndoa ilipangwa Ijumaa inayofuata.

Na Marekani serikali ilikuwa imefungwa. Mwezi na siku saba baraza lao halijakubaliana juu ya bajeti. Wafanyakazi walikuwa hawalipwi. Waongoza ndege nao walikuwa kazini bila ya mshahara, wengine wakaacha kuja, mpaka ikabidi safari za ndani zipunguzwe.

Simu ya Aflah ililia. Akasoma, akaiweka chini taratibu.

"Rawan. Ndege yake ya Jumapili imefutwa."

"Imefutwa vipi?" Zakiya aliuliza.

"Imefutwa. Muulize mdogo wako. Watu wake wameshika mabaraza yote mawili na ikulu juu yake, na serikali imewashinda kuifungua."

Sleyum alikuwa na tonge mkononi. Hakulila. "Watu wangu? Wenzako wangepiga kura siku moja tu, mtoto angesafiri. Wameikatalia bajeti mara ngapi? Kumi na nne! Halafu mnasema nani kaifunga."

"Sleyum, mtoto kakwama kule," alisema Zakiya.

"Na nani kamkwamisha? Nyie ndio kawaida yenu. Mnaharibu, halafu mnalia."

"Nyie?" Aflah alisema.

"Nyie, ndio."

Aflah alijinyanyua, mkono wake wa kulia bado una wali.

"Basi kama mie ni nyie, na binti yangu ni nyie. Nenda kamtafutie mwanao mke kwa watu wenu."

Akatoka. Hakunawa, hakumbusu mama yake mkono. Walimsikia akiubamiza mlango wa gari yake, na Bi Ghaniya, ambaye masikio yake hayakuwa na nguvu tena, akauliza nani kaja.

Zakiya alikwenda jikoni na simu yake. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwakatia watu tiketi za ndege katika ofisi moja ya Ruwi, na mikono yake ilijua la kufanya kabla ya kichwa. Ndege za ndani ndizo zilizokuwa zikifutwa. Ndege kubwa za kuja huku zilikuwa zinaondoka kama kawaida. Akampigia Rawan, kule alfajiri haijapambazuka.

"Mwanangu, achana na ndege ya ndani. Panda basi mpaka Washington. Ni safari ya siku nzima, lakini utafika. Kutoka hapo nakupatia nafasi Jumatatu."

"Shangazi, baba kaniandikia saa hii. Anasema nisije kwanza."

Zakiya alifumba macho. "Wewe unataka kuja?"

"Nataka kuolewa na Aws," alisema Rawan. "Wao wakitaka waolewe na hao wanasiasa wao."

"Basi panda basi."

Jumamosi Zakiya aliamka kabla ya alfajiri. Alifua nguo zilizokuwa safi. Saa nne akatia gari moto, akenda Al Khoudh.

Aflah alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kanzu haijapigwa pasi. Hakumuuliza khabari za mama. Alimgeuzia kioo. "Tazama. Hizi kura, tarehe kwa tarehe. Nimpelekee? Nampelekea aone nani mwongo."

"Kaka Aflah, mie sikuja kutazama kura. Ijumaa kuna akdi."

"Hakuna akdi mpaka aombe radhi."

Kutoka hapo akenda Mawaleh, kwa Sleyum. Soko kuu la matunda lilikuwa limehamishwa kutoka mtaa huo kupelekwa Barka, na Sleyum sasa alikuwa akiondoka usiku na kurudi mchana macho mekundu. Alimkuta amejinyoosha sebuleni, simu juu ya kifua, mtu mmoja ndani ya simu anapiga kelele kwa Kiingereza.

"Niombe radhi kwa lipi?" alisema Sleyum. "Yeye ndiye aliyenyanyuka katika chakula cha mama. Mie nilikaa. Nilimaliza kula, dada, na wewe shahidi."

"Na kijana wako?"

"Aws anajua baba yake hakukosa."

"Aws halali! Mkewe kanambia..." Alijikosoa. "Mchumba wake kanambia. Nyie wanaume wawili ndio kawaida yenu. Miaka yote! Baba alipougua nani alimuogesha? Mama anapokwenda hospitali nani anamchukua? Nyie mnakuja Ijumaa, mnakula, mnapigana, mnaondoka, mie naosha masufuria ya vita vyenu. Nyie..."

Alinyamaza. Lile neno lilikuwa limetoka kinywani mwake mara tatu, na lilikuwa tamu. Kila alilolisema lilikuwa kweli, na bado alijisikia kama wale watu wa juu ya kabati. Sleyum naye alikuwa ameshanyanyua kidole kumjibu, orodha yake tayari. Zakiya alichukua mkoba wake akaondoka kabla hajaisikia.

Likabaki jambo moja, nalo aliliona ndilo jepesi kuliko yote: mama aseme. Mama akisema, watoto watanyamaza. Jumapili baada ya alasiri alikaa naye juu ya godoro, akammiminia kahawa, akamweleza kisa chote karibu na sikio.

Bi Ghaniya alisikiliza, kokwa ya tende mdomoni. Miaka yake themanini na nne, na anapotaka kujua kitu alikuwa kama wakili.

"Sleyum yuko chama gani?"

"Mama, hawana chama. Mambo ya Marekani haya."

"Chama ni chama. Yupi kati yao ni Afro?"

Zakiya alitaka kucheka. Ugomvi wa vyama vya Unguja vile, Hizbu na Afro, ulikuwa wa siku mama alipokuwa bado akiishi kule, kabla yeye hajazaliwa. Lakini mama yake hakuwa anacheka.

"Sisi Hizbu wakati wa siasa hatukununua duka la Afro. Hatukupanda gari lao. Akifa mtu wao hatuendi kuzika, na wao vivyo hivyo. Raya alipoolewa na bwana wa Afro, mie sikwenda. Baba aliniruhusu. Mie ndiye niliyekataa. Akaniletea halua ya harusi yake, nikairudisha na kawa lake, wala sikufunua."

Jina la Raya Zakiya alikuwa amelisikia mara mbili tatu maishani mwake, siku zote kwa sauti ya chini. Alijua ni mdogo wake mama. Alidhani ni marehemu.

"Alikufa lini mama Raya?"

"Nani kakwambia kafa? Yuko Ng'ambo, Unguja. Watoto wake wanamletea salamu Bi Zuwena hapa nyuma, mie nazisikia."

"Miaka sitini na zaidi, Mama. Hukumpigia hata siku moja?"

"Apige yeye," alisema Bi Ghaniya. Akatoa kokwa mdomoni, akaiweka katika kisahani. "Wao ndio walioanza."

Zakiya alimtazama. Alitafuta usoni mwa mama yake kitu chochote, majuto au uchungu, asione ila mtu mwenye hakika. Akawaza Rawan ana miaka themanini, amekaa juu ya godoro mahali fulani, haelewani na nusu ya ukoo wake kwa sababu ya bajeti ya Marekani.

Jumanne asubuhi alikwenda uwanja wa ndege peke yake. Hakumwambia mtu. Rawan alitoka amevimba macho, nywele zimechomoza ndani ya mtandio, begi moja kubwa. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Ndani ya gari msichana akasema, "Usinipeleke kwetu. Nipeleke kwa ami Sleyum kwanza."

"Kufanya nini?"

"Kumsalimia. Si baba wa mume wangu?"

Sleyum alifungua mlango mwenyewe, kikoi kiunoni, akabaki ameduwaa. Rawan alimbusu mkono. Akamwambia kwamba amechoka, na begi zito, na shangazi mgongo unamuuma, je, ami anaweza kuja mpaka Al Khoudh awasaidie kulishusha? Zakiya mgongo wake haukuwa na kitu. Sleyum aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mfanyabiashara, aliijua biashara akiiona. Akaenda kuvaa kanzu.

Wakaondoka kwa gari ya Zakiya. Karibu na chuo kikuu Sleyum alikohoa mara mbili, kama mtu anayejaribu sentensi, kisha akaiacha.

Aflah alitoka nje kwa mlio wa gari. Alimwona binti yake, uso wake ukafunguka. Halafu akamwona ndugu yake anatoka upande wa pili, begi mkononi.

"Umekuja kunambia nini?"

Sleyum alitweta kidogo. Begi lilikuwa zito kweli. "Nimeleta begi."

Walisimama hivyo juani. Rawan ndiye aliyeanza kusema, haraka haraka, kama aliyekuja na maneno haya tangu Washington.

"Yule mama aliyenikagua uwanjani alikuwa hajalipwa tangu mwezi uliopita. Nilikuwa na biskuti za njiani, nikampa pakiti, akalia. Mbele ya watu wote. Akasema jana kauza mashine yake ya kufulia."

"Unaona?" alisema Aflah.

"Unaona?" alisema Sleyum.

Walilisema kwa pamoja, wakageukiana, na kila mmoja akawa na jina la mkosa tayari mdomoni. Rawan hakuwaangalia. Alikuwa amekaa juu ya ngazi ya mlango, mikono usoni, mabega yanamtetemeka. Si kwa ajili ya yule mama tu. Alikuwa hajalala siku mbili.

"Mtu akinitaja chama," alisema nyuma ya viganja vyake, "sheikh akija kuniuliza kama nimeridhia, nitamwambia sijaridhia. Wallahi nitamwambia."

Aflah alishuka ngazi. Alitaka kumshika binti yake, lakini Sleyum na begi walikuwa njiani. Akalishika begi upande wa pili. Wakalipandisha wote wawili, vibaya, likigonga kila ngazi, na hakuna aliyeomba radhi. Mlangoni Aflah akasema, "Chai ipo." Sleyum akavua viatu.

Akdi ilifungwa Ijumaa kama ilivyopangwa. Sheikh alimuuliza Rawan, na Rawan akasema ameridhia, sauti yake ikasikika mpaka nje. Aws alikosea jina la babu yake kwa hofu. Siku moja kabla yake serikali ya Marekani ilikuwa imefunguliwa, na Zakiya, akipita na birika, aliwakuta ndugu zake pembeni mwa baraza wameinamiana, kanzu mpya, wanasema kwa minong'ono mikali. Alisikia "mmeshindwa", akasikia "nani kashindwa". Akapita. Rawan na Aws walikuwa wameshasema kwamba watapanga nyumba Ghubra, mbali na Al Khoudh na mbali na Mawaleh.

Wiki ya pili yake Zakiya alikwenda kwa Bi Zuwena, jirani wa nyuma, akaomba namba ya simu ya Raya. Ilimchukua siku tatu kuipiga. Sauti iliyojibu ilimfanya ageuke kumtazama mama yake, kwa vile sauti zao zilivyofanana.

"Mama Raya, mie Zakiya. Mtoto wa Ghaniya."

"Ghaniya kakwambia unipigie?"

Angeweza kudanganya. "Hapana."

"Akitaka kusema na mie atapiga mwenyewe," alisema Bi Raya. "Yeye ndiye aliyenikataa."

"Sijapiga kwa ajili yake. Nimepiga kwa ajili yangu. Nataka kuja kukuona."

Sauti ile ikauliza, kwa ukali ule ule, "Unakula pweza?"

Zakiya alimwambia mama yake usiku ule ule, akimkanda miguu. Bi Ghaniya aliuvuta mguu wake. Hakumkataza wala hakumpa salamu, na kwa siku nne hakusema naye ila la lazima. Siku ya tano Zakiya alimwachia Sleyum funguo na Aflah dawa za mama, akawaandikia saa za kila moja, akaondoka kwenda Unguja.