Pikipiki ya Zahanati

Dishon alikwenda Mamboleo kwa Seif, muuzaji wa pikipiki kuukuu, kutafuta chombo cha kumfikisha binti yake Dorca hospitali uchungu ukimshika. Akaikuta pale ile pikipiki ya zahanati ya mtaani kwao, imeshapigwa mnada, msalaba mwekundu bado ukionekana chini ya rangi mpya. Akaisogelea.

Aoko, mkewe, aliposhindwa kujifungua mtoto wa pili, pikipiki hii ilikuwa imeegeshwa nje ya baa, mkubwa wa zahanati yuko ndani anakula samaki. Aoko alifia njiani, juu ya mkokoteni.

"Mzee, chukua skuta hii," Seif alimwambia. "Teke moja tu, inanguruma. Hiyo nyingine ina ubishi kama mama mkwe. Siku ikigoma, imegoma."

"Hii wakubwa walimnyima Aoko. Sasa itambeba mtoto wake, wapende wasipende."

"Bwana, mimba haijui hasira zako."

Hakumsikia. Akailipia, akaisukuma mpaka kwake Nyalenda, akaiosha vizuri.

Jumapili, majirani wakiwa kanisani, Dorca akatoka nje ameshika kiuno. Dishon akapiga teke. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Wingu jeusi lilikuwa likipanda kutoka ziwani, na ile barabara ambayo diwani aliahidi kuimwagia changarawe, mvua ikinyesha hata mkokoteni haupiti.

"Baba, haiwaki?"

"Itawaka, mama. Ni wale watu walioiharibu."

Akapiga teke lingine, na lingine, bila kumtazama usoni.