Ujumbe Mrefu wa Bi Nassra

Bashira alikuwa ameinamia cherehani nyumbani kwake Kiembe Samaki, anapiga pindo la gauni la mtu, simu ilipolia. Aliyepiga ni shoga yake wa Darajani, na siku hiyo hakusalimu.

"Bashira, nyumba imeanguka huku Mkunazini. Wanasema ni ile ilopakana na skuli ya watoto."

Bashira hakuuliza la pili. Alijitupia buibui, akatoka na sindano ingali imechomekwa kifuani mwa gauni lake, akasimamisha bodaboda ya kwanza aliyoiona. Mvua ilikuwa inanyesha. Masika ya mwaka ule yalipiga bila ya kupumua, na Mji Mkongwe kila mtu anajua mambo yalivyo: mawe na chokaa hunywa maji kimyakimya, kisha siku moja ukuta unachoka kusimama.

Mumewe, Wakil, alikuwa Pemba kwa kazi ya uashi. Mtoto wao ni mmoja tu, Sichana, wa darasa la pili. Bashira, mashavu yakipigwa na mvua, alimpigia simu mwalimu mkuu. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikawa vile vile.

Mwalimu mkuu ni Bi Nassra, mtu wa Makunduchi, mrefu, mkavu, asiyecheka mbele ya wazazi. Alikuwa na simu mbili: yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe ambayo wazazi wote walikuwa na namba yake, na simu ya skuli, kubwa, mpya, aliyoitumia kutangazia katika kundi la wazazi. Katika kundi hilo hakuna aliyeweza kuandika ila yeye. Mzazi kazi yake ilikuwa kusikiliza. Na kusikiliza kwenyewe kulitaka subira, kwa sababu Bi Nassra alianza kwa salamu, akaja kwa shukrani, akapitia dua, na alipofika kwenye jambo lenyewe, kwamba kesho kila mtoto aje na fagio, mchuzi wa mtu ulikuwa ushaungua jikoni. Wazazi walimwita Bi Tangazo, lakini si mbele yake.

Bashira hakumpenda. Mwezi uliopita Bi Nassra alimsimamisha mlangoni mbele ya wenziwe, akamuuliza, "Bi Bashira, saa ya kwenu inakwenda nyuma?" kwa vile Sichana alikuwa anachelewa. Tangu siku hiyo Bashira alikwisha kata shauri: muhula ukimalizika, mtoto anahamia skuli ya hapo hapo Kiembe Samaki, ahueni kwa wote.

Sasa alikuwa anamuomba Mungu ampokelee simu.

Uchochoro wa skuli ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nyumba ya jirani, gofu lisilokaliwa na mtu, ilikuwa imelala chini, na katika kuanguka kwake ilikumba pembe ya skuli, upande wa ngazi na ofisi. Hewa ilinuka chokaa mbichi. Wazazi walikuwa wamejaa kwenye kamba, wengine na miavuli, wengine wameloa tu.

"Hatujaona mtoto yeyote," mtu wa zimamoto alikuwa akisema. "Tuachieni nafasi tufanye kazi."

"Hamjaona, maana yake hawamo, au hamjawaona bado?" aliuliza Yussuf, muuza samaki wa Darajani, baba yake Mabrouk wa darasa la tano.

Yule mtu aligeuka akarudi kwenye kifusi. Mwenye duka la pembeni alisema alisikia watoto wakitoka kwa mlango wa uani. Mwengine akasema ule mlango huwa na kufuli. Yussuf alifungua simu aandike katika kundi. Hakuna pa kuandika. Bashira akapiga tena namba ya Bi Nassra, na safari hii mama mmoja aliyekuwa karibu kabisa na kamba akainua mkono.

"Nyamazeni! Sikilizeni!"

Wote wakanyamaza. Ndani ya kifusi, kwa mbali, chini ya mawe, kulikuwa na simu inalia.

Bashira alikata. Mlio ukakatika. Yule mama akakaa chini kwenye tope kama alivyo.

Ndipo simu zao zote zilipotikisika kwa pamoja. Ujumbe wa sauti, umetoka katika simu ya skuli. Yussuf ndiye mwenye simu ya sauti kubwa. Akaibonyeza, akainyanyua juu ya kichwa.

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazazi na walezi watukufu wa skuli yetu. Napenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Yallah, Bi Nassra, leo tu!" mtu alilia.

"...kukujulisheni kuwa ukuta wa nyumba ya jirani umefanya ufa na boriti zinalia. Kwa hivyo nimeamua kuwatoa watoto wote, na hivi sasa tunakwenda..."

Hapo sauti ikageuka. Haikuwa tena sauti ya matangazo.

"Himid! Iwache hiyo ngazi! Wapitishe mlango wa uani, ufunguo huu hapa! Nyiye, shikaneni mikono. Wacha begi, mwanangu. Begi litanunuliwa, wewe hununuliwi."

Kisha wakasikia nguo inachakarika, na sauti zote zikawa kama zimefunikwa. Wakafahamu. Bi Nassra kaitia simu mfukoni naye anadhani keshatuma, kumbe inarekodi bado. Ndiyo maana walisimama pale muda wote ule bila ya habari.

Wakasikia vijiguu vingi vinapiga maji. Wakamsikia Mwalimu Himid, naibu wake, anahimiza wa nyuma. Halafu kikaja kishindo, na ukelele wa watoto uliowafanya wazazi washikane pale kwenye kamba ingawa jambo lenyewe lilikwisha pita. Juu ya ukelele ule, sauti ya Bi Nassra ilisimama imara.

"Msigeuke nyuma! Nitazameni miye. Miye tu. Nani anajua tisa mara saba?"

Mtu anavuta kamasi.

"Tisa mara saba, nasema!"

"Sitini na tatu!" watoto walijibu kwa kilio.

"Sitini na moja!" alisema mmoja peke yake.

"Nani kasema sitini na moja? Mabrouk? Tukifika tutaonana mimi na wewe."

"Wangu huyo!" Yussuf alipiga ukelele, machozi yanamtoka. "Alhamdulillahi, wangu huyo! Hajui hesabu hata kidogo!" Na watu wakacheka kicheko cha ajabu, mvua inawapiga.

Kwenye simu, mtu anabisha mlango.

"Hodi! Hodi wenyewe! Bi Shemsa, nimekuletea wageni wasoalikwa."

"Ya Rabbi! Watoto wote hawa? Waingie, waingie! Harusi haina mgeni asoalikwa."

"Bi Shemsa wa Kajificheni!" alisema mwenye duka. "Leo anamuoza mjukuu wake. Wapo Kajificheni!"

Hawakungoja. Njia ya karibu ilizibwa na kifusi, wakazungukia njia ya sokoni, Yussuf mbele na simu juu chini ya mwavuli wa mtu, na wote nyuma yake wakisukumana katika vichochoro huku wanasikiliza. Hakuna aliyethubutu kuzima. Kwa sababu Bi Nassra alikuwa ameanza kuita majina.

Daftari la mahudhurio lilibaki ofisini, na wala hakulihitaji.

"Nasima."

"Naam."

"Hicho kikohozi bado? Kaa hapa pakavu. Muhammad."

"Naam."

"Usilie, baba. Mama yuko njiani. Rahila. Wewe mbona una kiatu kimoja? Haidhuru. Usi, mwanangu, sogea huku. Wanu. Wanu, mshike mdogo wako, usimwache."

Ikaendelea hivyo, jina baada ya jina, na kila mtoto na neno lake. Mzazi akisikia jina la mwanawe na "naam" yake, husimama kidogo, akashika ukuta, akamshukuru Mola wake, kisha akaanza tena kwenda mbio kuliko mwanzo. Bashira alikuwa anahesabu pumzi zake. Majina yalipofika darasa la pili alimsogelea Yussuf, sikio karibu na simu.

"Sichana."

Hakuna jawabu.

"Sichana Wakil."

Mvua tu, na mtoto mmoja anapiga chafya.

"Nani kamuona Sichana?" Sauti ya Bi Nassra ilikuwa imepasuka katikati. "Himid, nani alotoka wa mwisho?"

Bashira hakusikia zaidi ya hapo. Alimpita Yussuf, akampita kila mtu, buibui kalikusanya mkononi, anakwenda mbio katika mawe yanayoteleza. Nyuma yake watu walianza kumwita. "Bashira! Simama! Bashira, kapatikana!" Hakuwasikia. Mvua na damu yake mwenyewe vilimziba masikio.

Mlango wa Bi Shemsa ulikuwa wazi. Ukumbi mzima ulijaa watoto, wamejifunika kanga za harusi zilizokuwa hazijafunguliwa mikunjo. Bashira alipita kati yao akiwatazama nyuso mmoja mmoja, akatokea uani, penye kibanda cha wapishi na masufuria makubwa ya pilau. Na huko, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kati ya wanawake wawili wanaokatakata vitunguu, alikaa Sichana na mfupa wa nyama mkononi, mashavu yanang'aa mafuta.

"Mama," alisema, "na wewe umealikwa harusini?"

Bashira alimkumbatia mpaka mtoto akapiga kelele. "Mama, unanichoma!" Ilikuwa ile sindano. Bashira aliichomoa, akaitupa, akamkumbatia tena.

Alipoinua kichwa, Bi Nassra alikuwa mlangoni mwa uani. Buibui lake lilikuwa limepasuka begani, na mguuni hakuwa na viatu.

"Nilimuita mara mbili," alisema taratibu. "Nikadhani... Kumbe harufu ya nyama ilimvuta. Nisamehe, Bi Bashira."

Kabla Bashira hajajibu, sauti ilisikika kutoka uchochoroni, inakaribia: sauti ya Bi Nassra mwenyewe. Wazazi walikuwa wanaingia, Yussuf mbele, simu bado iko juu.

"...mbona wazazi kimya, Himid? Hata mmoja hakujibu?"

"Bi Mkuu, uliwafunga mwenyewe. Hawawezi kuandika."

"Ala! Na hizi namba zinazokwenda hapa ni za nini?"

Ujumbe ukaishia hapo. Bi Nassra aliitazama simu ile, akamtazama Yussuf.

"Hiyo... ni miye?"

"Ni wewe, Bi Mkuu. Mwanzo mpaka mwisho."

Alijifunika uso kwa mtandio. "Ntaifuta. Sasa hivi ntaifuta."

"Usithubutu!" walisema akina mama kwa pamoja, na yule aliyekaa kwenye tope akamwendea, akamkumbatia, tope na yote.

Bi Shemsa hakukubali mtu aondoke na njaa. Pilau ilipakuliwa, watoto wakala pamoja na wazee waliokuja harusini, na bwana harusi alipoingia alipokewa kwa vifijo na skuli nzima. Mabrouk alikula kwa wasiwasi, kila mara akimtazama Bi Nassra, mpaka alipoitwa akaulizwa tena tisa mara saba. Akasema sitini na tatu. Akapewa ndizi.

Yussuf alimwendea Bashira na simu. "Kuna pahala hukupasikia," alisema. "Ulikuwa unakimbia." Akamwekea sikioni.

Bashira akasikia hatua za haraka, milango inafunguliwa, na pumzi za mtu mzima anayejizuia kulia.

"Ya Rabbi, usinitahayarishe kwa mtoto wa watu. Skuli iko mlangoni kwao kule, na mama yake huamka asubuhi na mapema kumleta mpaka kwangu. Kwangu miye! Sichana! Sichana, mwanangu!"

Kisha mlango mwengine, sauti za masufuria, na sauti ndogo yenye mdomo uliojaa: "Naam?"

Bashira alimrejeshea Yussuf simu, akamfuta Sichana mafuta mashavuni.

Baada ya Alasiri mvua ilikatika, watu wakapungua. Bi Nassra alihakikisha kila mtoto kachukuliwa na mtu wake, akamruhusu Himid aende zake, akakaa peke yake barazani kwa Bi Shemsa. Bashira alikaa ubavuni mwake, akamshika mkono.

"Twende nikupeleke kwako, Bi Nassra."

"Kwangu ni Chukwani. Lakini ufunguo wa nyumba uko ofisini." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Mkoba, simu yangu, ufunguo, viatu. Na kwangu hakuna mtu wa kunifungulia."

"Basi unakwenda kwetu."

"Nisikutaabishe. Nimesikia wewe mwenyewe unataka kumhamisha mtoto."

"Nani kakwambia?"

"Watoto hawana siri, Bi Bashira."

"Nilitaka," alisema Bashira. "Inuka, twende, usije ukapata baridi."

Bi Shemsa alimletea Bi Nassra makubadhi ya mumewe, makubwa kwa mguu wake. Wakashuka barazani pole pole, Bashira upande huu na Sichana upande wa pili, kamshika mwalimu wake mkono kwa uangalifu kama ndiye aliyepewa amana.

"Utalala kitandani kwangu," Sichana alimwambia. "Lakini mimi hupiga mateke."

"Haidhuru," alisema Bi Nassra. "Na miye hukoroma."

Sichana alisimama katikati ya njia, akamtazama kwa mastaajabu makubwa. "Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu hasa."

Mtoto aliangua kicheko, na Bi Nassra, mwalimu mkuu asiyecheka mbele ya wazazi, akacheka naye mpaka ikabidi ashike ukuta.