Pumzi Iliyopoa

Waliokuja kunipa pole hawakusema Elimringi amekufa. Wote walisema, "Mzee amepumzika." Niliitikia, lakini moyoni nilikasirika. Mume wangu alipumzika kila siku baada ya chakula, kofia usoni, na saa kumi alikuwa ameshaamka kumkatia ng'ombe majani. Anayepumzika huamka.

Tangu ujana alipiga besi, tarumbeta kubwa kuliko yote kwenye bendi ya usharika wetu hapa Machame. Akirudi kanisani alisimama penye migomba, akabonyeza kidude cha chini ili maji yatoke, ndipo aingie ndani. Nilimgombeza.

"Unanimwagia mate mlangoni!"

"Si mate, Mama Aikande. Ni pumzi iliyopoa."

Jumapili ya mwisho kilima cha kutoka kanisani kilimshinda. Aliingia akihema, akaliweka tarumbeta kando ya kitanda bila kulimwaga maji, akalala. Jioni pumzi ikamwisha.

Siku ya mazishi nililisukuma tarumbeta mvunguni. Bendi ikapiga bila besi, wimbo ukapwaya, nami sikulia. Watu wakasema nina moyo wa jiwe. Wanangu wakarudi Dar, nikabaki napika mtori wa watu wawili na kumwaga nusu. Kila jioni nililiinamisha tarumbeta kidogo, nikasikia maji yakitembea ndani. Basi nikalala.

Juzi akaja Yohana, kiongozi wa bendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata tarumbeta."

"Jumapili ni kipaimara, mama. Bila besi tutaaibika. Na ni mali ya usharika."

"Hata Elimringi alikuwa mali ya usharika. Mbona yeye hamji kumchukua?"

Nikamwonea huruma, kosa si lake. Nililitoa mwenyewe, nimelikumbatia wima, hatua kwa hatua, lisitikisike. Nilitaka kumwomba aliache hivyo hivyo mpaka afike kanisani. Lakini mtu mzima na mvi zangu, ningeanzaje kusema jambo kama hilo? Nikampa.

Yohana alilipokea kama wapigaji wote wanavyolipokea. Kidole kikaenda chini chenyewe, kikabonyeza. Maji yakadondoka kwenye sakafu ya saruji, kidogo tu, hayakujaza hata kijiko.

"Samahani, mama! Nipatie tambara nifute."

"Acha."

"Nitafuta mara moja tu, mama."

"Yohana, nimesema acha. Nenda salama."

Alipoondoka nilifunga mlango na madirisha, upepo usiingie. Nikavuta kigoda, nikaketi kando ya yale maji. Ng'ombe akalia zizini, sikunyanyuka. Yalinywea taratibu kuanzia pembeni, nami nikiyatazama, mpaka sakafu ikawa kavu kote.

Hapo ndipo nilipomlilia mume wangu, kwa sauti, mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki.