Mkono wa Baba Uliokufa

Mwalimu wetu wa anatomia alitamka mbele ya darasa zima kwamba mimi, Irine, nasoma kama kuku anavyokula, nameza bila kutafuna. Nilimchukia siku ile na bado namchukia, lakini sapu, mtihani wa kurudia, nilikuwa nimeipata, hilo siwezi kulikataa. Nikishindwa tena ni kudisko, kufukuzwa chuo, na kurudi kwetu Nyakisasa kupalilia maharage. Ndiyo maana likizo ile nilishinda barazani kwetu na madesa yangu, makaratasi ya kusomea, nimejichora misuli kwa kalamu ya bluu kuanzia begani hadi kwenye vidole, na aliyenisemesha nilimjibu vibaya.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa vitendo. Unaingia chumbani, unamkuta mtu amekaa kwenye kiti, unaambiwa onyesha msuli huu, pima neva ile, pima macho, pima masikio. Sasa mimi nilikuwa na makaratasi bila mtu. Mama yangu, Tecla, hakuwa akikaa chini tangu kunapopambazuka. Nikimwita nimpime ananijibu kwamba ndizi hazijimenyi zenyewe.

Akabaki baba, na baba alikuwa na mkono uliokufa.

Habari za mkono huo zilijulikana kijiji kizima. Wakati wa masika, ng'ombe wa Luhende, Msukuma aliyehamia bondeni kutoka Shinyanga, waliingia kwenye maharage yetu wakayamaliza. Baba alikwenda kuwafukuza, akakutana na Malongo, kijana wa Luhende, ndiye aliyekuwa akichunga. Wakatukanana, fimbo ikatembea, baba akaanguka. Alipoinuka alisema mkono wa kulia hausikii kitu, kuanzia begani mpaka kwenye kucha. Zahanati wakamwambia aende hospitali kubwa, hakwenda. Malongo akakamatwa kwa kosa la kumtia mtu kilema, na mpaka likizo yangu inaanza alikuwa bado mahabusu, kesi ilikuwa isikilizwe Jumatatu ya mwisho wa likizo. Watu walisema atafungwa miaka mingi. Mimi nilishangilia. Maharage yale ndiyo yaliyokuwa yakinisomesha, na sikuwa na huruma na mtu anayelisha ng'ombe wake masomo yangu.

Tangu hapo baba alisalimia watu kwa mkono wa kushoto. Kwetu mtoto akifanya hivyo anachapwa. Lakini yeye wazee waliupokea kwa mikono miwili, wakamsikitikia, wakampa mrija wa kwanza kwenye chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jina lake ni Anatoli, na sidhani kama kuna mwaka jina hilo liliwahi kutajwa kwa heshima kama mwaka ule. Alinenepa.

Jumamosi mchana kabla ya kesi akaja Benedicto, mwenyekiti wa kitongoji. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa baba, na walikuwa wamekaa kwenye chungu cha rubisi kupanga watakayosema mahakamani.

"Shikamoo, mwenyekiti," nilimsalimia bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Daktari wetu bado unajichora tu?"

Baba akanigeukia. "Irine, kwenye hayo makaratasi yako, mshipa wangu uliokufa unaitwaje? Nataka kumtajia hakimu kwa jina la kitabuni. Akisikia jina la Kizungu atajua hatuchezi."

"Siwezi kutaja bila kupima."

"Pima basi. Nimekukataza?"

Nikavuta kigoda. Msuli usiofanya kazi hunywea, hilo lilikuwa kwenye karatasi za mwanzo kabisa na hata mimi nililikumbuka. Nilichana ukamba wa mgomba, nikauzungusha kwenye mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko, nikaweka alama. Nikauhamishia mkono wa kulia. Haukufika. Nikafikiri nimekosea, nikarudia, haukufika tena. Mkono uliokufa ulikuwa mnene kuliko ule uliobaki hai. Nikaminya nyama iliyo chini ya kidole gumba, nayo ilikuwa imejaa kama ya mtu aliyetoka kulima jana.

Nikatoa pini na kipande cha pamba.

"Fumba macho, baba. Kila nikikugusa, ukisikia sema ndiyo. Usiposikia sema hapana."

"Nitasikiaje na mkono umekufa?"

"Fanya tu. Ndivyo mtihani ulivyo."

Akafumba. Nikamgusa kwenye kiwiko kwa pini.

"Hapana," alisema.

Nikamgusa kidole gumba. "Hapana."

Kisha nikaacha kumgusa. Nikakaa na pini yangu hewani, nikimtazama. Baba alinyamaza kimya, ametulia, anasubiri. Nikachukua pamba nikapitisha taratibu kwenye ncha ya kidole cha mwisho, mguso ambao hata nzi angeona aibu kuuita mguso.

"Hapana," alisema upesi, kwa sauti ya majonzi.

"Baba, umejuaje kama nimekugusa?"

Akafumbua macho. "Nini?"

"Nisipokugusa unanyamaza. Nikikugusa tu unasema hapana. Huo mkono usiosikia unakuambiaje kwamba saa ya kusema hapana imefika?"

Benedicto alielewa polepole. Nilimwona akiutoa mrija mdomoni na kuuweka pembeni.

"Unataka kuniaibisha kwa pamba?" baba alisema. "Mbele ya mgeni?"

"Mtoto wa watu yuko ndani kwa ajili ya mkono huu!"

"Ng'ombe wao walikula maharage yangu!"

"Walikula. Dai maharage. Hakuna aliyekuua mkono."

"Tumewapa ardhi, sasa wanatufundisha pa kulima. Huyo akifungwa, baba yake atahama na ng'ombe wake wote, na bonde litarudi kuwa letu. Wewe umekuwa upande wa nani?"

"Niko upande wa kitabu."

Sikuuona mkono ukija. Kofi lilinipata shavu la kushoto likanilaza juu ya madesa yangu, sikio likaanza kulia. Lilianzia bega la kulia, kiwiko kikakunjuka, vidole vyote vikafika kwa pamoja, hakikukosekana hata kimoja. Sijawahi kufurahia kofi maishani mwangu, lakini lile nililifurahia.

"Mwenyekiti, umeona?"

Benedicto alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake. "Mimi nilikuwa naangaria migomba, mwanangu. Mambo ya mzazi na mtoto wake mimi siingiri."

Mwongo mkubwa. Na baba, papo hapo, mbele ya macho yetu, aliurudisha ule mkono ubavuni akaulegeza, ukaning'inia tena. Nilimwonea kinyaa baba yangu mzazi.

Mama akatokea jikoni, mikono yake imejaa utomvu wa ndizi. Hakunitazama mimi.

"Benedicto, kama hilo hukuliona, niulize mimi. Mkono huo unanipiga tangu masika. Umenipiga jikoni, umenipiga shambani. Hauumwi."

"Tecla, nyamaza," baba alisema.

"Nimenyamaza vya kutosha. Nakutana na Limi kisimani, mama yake yule kijana. Ananipigia magoti, mtu mzima mwenzangu, ananiomba nikubembeleze umsamehe mwanawe. Namwambia nitajaribu. Nikirudi hapa najaribu, na wewe unanijibu kwa mkono uliokufa." Akamgeukia Benedicto. "Jumatatu napanda pikipiki, naenda kumwambia hakimu mwenyewe. Wewe kaangalie migomba."

Benedicto aliondoka bila kuaga. Baba aliketi. Alionekana mdogo kwenye kiti chake, na sikumhurumia hata kidogo. Malongo atatoka, hilo nililiona wazi. Hakuna hakimu atakayemfunga mtu kwa mkono unaompiga mke kila wiki.

Nikainuka kumfuata mama, shavu likiniwaka. Nilijiona shujaa. Nilitaka kumkumbatia, nimwambie kwamba sisi wawili tumeshinda. Nilimshika bega akakunja uso, akautoa mkono wangu kama mtu anayetoa kaa la moto. Ndipo nilipoona kwamba bega lile lilikuwa limevimba.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, na michoro yangu yote ya bluu.

"Nikuambie? Likizo nzima umekaa barazani, jiko liko nyuma ya mgongo wako. Unasoma masikio. Unasoma macho. Nilikuwa napigwa hapo, Irine, nawe ulikuwa unapiga kelele kwamba tunakuvurugia masomo."

Akaingia jikoni, akafunga mlango.